Kuipa Meza ya Mbao Sura ya Marumaru kwa Epoksi: Mwongozo Kamili kwa Joto na Unyevu wa Tanga

Epoksi ni gundi ya sehemu mbili. Kopo A lina rezini, kopo B lina kigumishi ambacho mafundi wa rangi wamezoea kukiita hadina. Zikikutana kwa kipimo sahihi, hugeuka taratibu kuwa plastiki ngumu inayong'aa. Haikauki kama rangi inavyokauka, kwa sababu hakuna maji wala thina ya kupaa. Inaganda yenyewe kwa yenyewe, na inapoganda hutoa joto. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoeleza karibu kila hasara inayotokea: kipimo kikikosewa, haitakauka hata ukiisubiri mwezi, na ikiachwa nyingi kwenye ndoo siku ya joto, itachemka na kutoa moshi kabla hujaimwaga.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa nchi za baridi, ambako fundi huhangaika kuongeza joto chumbani. Tanga shida ni kinyume chake, na juu yake kuna unyevu wa bahari. Ratiba na vipimo vilivyomo humu vimepangwa kwa hali hiyo.

Meza ipi inafaa

Kama meza yako ni mninga au mvule mzima, wenye nyuzi zinazoonekana vizuri, usiifunike. Piga msasa, paka vanishi, basi. Ukishamwaga epoksi nyeupe juu ya mbao hizo, kuzirudisha ni kazi ya siku kadhaa za mashine na vumbi. Sura ya marumaru inafaa meza ambayo uso wake umeshaharibika: mbao za rangi tofauti zilizounganishwa, plaiwudi iliyochakaa, emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ambayo haijavimba kwa maji, au meza ya mtiki iliyojaa viraka vya puti.

Kagua viungo kwanza. Itikise meza, ikicheza, rudishia gundi na uibane kwa klampu hadi ikauke. Uso wa mbao zilizoungwa ubavu kwa ubavu hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kiungo kilichoachia kitajitokeza kama ufa ulionyooka juu ya marumaru yako baada ya miezi michache. Mbao mbichi ni hatari zaidi. Meza iliyotengenezwa wiki iliyopita kwa mbao zilizotoka kupasuliwa isubiri. Kama unaweza kuazima kipima unyevu cha mbao, tafuta asilimia 12 au karibu na hapo.

Epoksi, wala si rezini ya boti

Pwani yetu ina mafundi wa boti za faiba, na ukiuliza rezini utaonyeshwa mara moja ile wanayotumia wao. Hiyo kwa kawaida ni poliesta. Utaitambua kwa harufu kali inayopanda kichwani na kwa kichupa kidogo cha kichocheo kinachowekwa asilimia 1 au 2 tu. Poliesta husinyaa inapoganda, hushika mbao vibaya kuliko epoksi, na tabaka lake jembamba mara nyingi hubaki linanata juu. Inafaa boti. Kwa meza tafuta kopo lililoandikwa epoksi, lenye hadina nyingi: kipimo huwa sehemu 1 kwa 1 au 2 kwa 1.

Ndani ya epoksi zenyewe kuna aina mbili. Ya kupaka juu ya meza ni nzito kiasi, hushika ukingoni, na humwagwa kwa unene wa hadi milimita 3 kwa mara moja. Ya kujaza mabonde na kumimina kwenye fremu ni nyepesi zaidi na huganda polepole sana; ukiitumia kwa kazi hii yote itateremka sakafuni. Tanga mjini si kila duka la vifaa vya ujenzi linaweka aina ya kwanza, na wengi huagiza Kariakoo ikaletwa kwa basi. Mwambie anayekununulia asome maelezo ya unene, na ayapige picha kabla ya kulipa.

Hesabu ya kiasi

Lita 1 ya epoksi hufunika mita 1 ya mraba kwa unene wa milimita 1. Hesabu nyingine zote zinatoka hapo.

Chukua meza ya sentimita 120 kwa 60 yenye ubao wa unene wa sentimita 3. Juu ni mita za mraba 0.72. Ukingo ni mzunguko wa mita 3.6 mara 0.03, yaani 0.11. Jumla 0.83. Tabaka la kuziba mbao huchukua kama mililita 200. Tabaka la marumaru la milimita 2 ni lita 1.66, na ukiongeza inayochuruzika pembeni inafika karibu lita 2. Tabaka la juu lisilo na rangi, milimita 1.5, ni lita 1.25, weka lita 1.5. Jumla ni lita 3.7, hivyo nunua 4. Kuishiwa katikati ya kumwaga ni balaa, kwani epoksi iliyotandazwa nyembamba chini ya milimita 1.5 hujikusanya na kuacha mashimo.

Vitu vingine vya kuwa navyo:

- msasa namba 80, 120 na 220
- pima maji
- mzani wa kidijitali wa jikoni, na ndoo za plastiki zenye vipimo vilivyochorwa
- vijiti bapa vya kukorogea, na mwiko wa plastiki wenye meno kwa kutandazia
- tochi ya gesi ya kopo (mashine ya hewa ya moto inafaa pia, ila umeme ukikatika imekwisha)
- spiriti safi kabisa, ya aisopropili ikipatikana, na chupa ya kunyunyizia
- glavu za nitrili, miwani ya kazi, na barakoa yenye vichujio vya kaboni na vya vumbi
- nailoni ya kutandika chini, na tepu ya karatasi
- manyoya mawili matatu makubwa ya kuku, yaliyooshwa na kukaushwa

Manyoya si mzaha. Hakuna brashi ya dukani inayochora mstari unaoanza mnene na kuishia kama unywele jinsi unyoya unavyoweza.

Kwa rangi, tafuta pasta nyeupe ya epoksi au unga mweupe wa titani dioksidi. Nyeusi pata kidogo tu. Kahawia inapatikana kirahisi: unga wa oksaidi ule wa kupakia sakafu za saruji, mradi uwe mkavu. Usagie kwanza kwa matone machache ya rezini juu ya kigae hadi chembechembe ziishe, vinginevyo utaona vidoa kama mchanga. Rangi ya maji ya ukutani iache; maji yaliyomo huifanya epoksi kuwa na ukungu na kulainika.

Msimu na saa ya kumwaga

Epoksi nyingi za meza zinataka joto la nyuzi 21 hadi 27. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Kwa hiyo kopo linalosema dakika 40 kwa nyuzi 25 litakupa chini ya dakika 30 chini ya bati mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma. Miezi ya Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ndiyo rafiki zaidi. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, iache ipite. Unyevu hewani ukiwa chini ya asilimia 70 uko salama; ukizidi 80 usifungue kopo. Hadina huvuta unyevu na hewa ya ukaa, ikaacha juu ya uso utando kama nta, au weupe wa ukungu usiofutika.

Kwa siku yenyewe, mwaga kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Kuna sababu mbili, na kwa bahati nzuri zinakubaliana. Unyevu wa pwani hupungua mchana na kupanda usiku, kwa hiyo ukimwaga alasiri epoksi itakuwa imeshashika kabla umande haujaja. Na mbao zina hewa ndani yake: joto likipanda hewa hutanuka na kutoka kama mapovu, joto likishuka mbao huvuta ndani. Anayemwaga saa tatu asubuhi hupambana na mapovu hadi adhuhuri.

Fanyia kazi ndani ya chumba, pasipo upepo wa moja kwa moja wala feni ya dari, lakini hewa iwe inapita. Nyumba zilizo karibu na maji, kama za Raskazone, hupata chumvi inayotua juu ya kila kitu. Futa meza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, uiache ikauke kabisa kabla ya msasa wa mwisho.

Kuandaa mbao

Toa vanishi yote ya zamani kwa msasa namba 80, kisha pitisha 120. Usiendelee hadi ulaini wa hariri: epoksi inahitaji mikwaruzo ya kushika. Mashimo na nyufa jaza kwa puti ya sehemu mbili, ile ya magari, na uilinganishe ikikauka.

Kona za ukingo wa juu zivunje ziwe mviringo wa milimita 3 hivi. Epoksi hukimbia ukali wa kona na kuuacha na tabaka jembamba, ambapo mbao zitaonekana kwanza. Hatua hii huchukua dakika kumi, na kila anayeiruka huijutia.

Mtiki, ambao mwingi mkoani kwetu hutoka upande wa Longuza kule Muheza, una mafuta ya asili yanayokataa gundi. Ufute kwa asetoni na kitambaa cheupe, badilisha kitambaa hadi kisitoke na rangi, na upake tabaka la kwanza muda si mrefu baada ya hapo, kabla mafuta hayajapanda tena. Mninga una tatizo jingine: rangi yake nyekundu hupenya kwenye rangi nyeupe za maji na kuigeuza ya waridi. Tabaka la epoksi ya kuziba hulizuia hilo.

Zungushia tepu upande wa chini wa ubao, kuanzia ukingoni kwenda ndani sentimita 5, ili matone yanayoning'inia yatoke nayo. Funika miguu kwa nailoni. Halafu weka pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, uingize vipande vya kadibodi chini ya miguu hadi povu likae katikati. Meza iliyoinama kidogo tu itahamisha mishipa yako yote upande mmoja usiku kucha.

Tangu sasa usiguse uso kwa mkono mtupu. Jasho, mafuta ya nazi, au dawa ya kung'arishia fanicha yenye silikoni vitatoa vishimo vya mviringo ambavyo epoksi inakataa kuviingia.

Tabaka la kuziba

Changanya mililita 200, ukiwa umeweka weupe kwenye rezini. Paka kwa brashi au rola ya sponji, nyembamba, juu na pembeni. Kazi yake ni kufunga vinyweleo vya mbao na kuua rangi ya chini. Baada ya saa 4 hadi 6 itakuwa inanata ukiigusa lakini haiachi kitu kwenye glavu. Kama mbao bado zinaonekana, paka tena hapo hapo. Watu wengi hutumia rangi ya mafuta badala ya tabaka hili kwa kuokoa pesa. Rangi ya mafuta hukauka juu haraka na ndani polepole, na epoksi ikimwagwa juu yake mapema hukunjamana, au baadaye hubanduka yote kama ganda.

Ukiacha hadi kesho yake, osha uso kwa maji yenye sabuni kidogo, suuza, kausha, ndipo upige msasa namba 220. Utaratibu huo usigeuzwe: ule utando wa nta huyeyuka kwa maji, wala hautoki kwa thina, na ukianza na msasa unausukumia ndani ya mikwaruzo.

Kuchanganya

Soma kopo: kipimo ni cha ujazo au cha uzito? Hadina ni nyepesi kuliko rezini, hivyo 2 kwa 1 ya ujazo huwa karibu 100 kwa 43 ya uzito. Anayepima 2 kwa 1 kwenye mzani huku kopo likimaanisha ujazo anaweka hadina ya ziada, na meza itabaki laini. Kuongeza hadina hakuharakishi chochote. Mfano ufuatao ni wa 2 kwa 1 kwa ujazo.

Weupe, lita 1.5: weka mililita 1,000 za rezini kwenye ndoo pana na gramu 50 za rangi nyeupe. Koroga hadi ilainike kabisa, hata dakika kumi, maana saa haijaanza kuhesabu kabla hadina haijaingia. Rangi zote kwa jumla zisizidi asilimia 5 ya uzito. Kisha ongeza mililita 500 za hadina na koroga dakika 4, polepole, ukikwangua pembeni na chini. Hamishia kwenye ndoo ya pili safi, koroga dakika 1 nyingine. Ndoo ya pili ni ya lazima, kwa sababu kuta za ile ya kwanza zimebaki na rezini isiyokutana na hadina. Ndiyo inayoacha madoa yanayonata katikati ya meza iliyoganda vizuri kwingine kote.

Mimina papo hapo. Epoksi iliyotandazwa hupoa. Iliyo ndani ya ndoo hujipasha.

Mishipa

Marumaru ni mawe ya chokaa, ndugu wa yale ya mapango ya Amboni, yaliyopikwa upya na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Mishipa yake ni udongo na madini ya chuma yaliyokuwemo, yakavutwa na kupenya kwenye nyufa. Ukikumbuka kwamba unachora nyufa za mwamba, mkono wako utaacha kuchora radi, mizizi na utando wa buibui, ambazo ndizo humfanya mgeni atambue kutoka mlangoni kwamba hilo si jiwe.

Kabla ya siku yenyewe, chora mpango kwenye karatasi. Chagua mwelekeo mmoja wa mshazari usioenda sambamba na ukingo wowote. Kwa meza ya sentimita 120 mishipa mikuu mitatu inatosha, kwa umbali usiolingana. Matawi yatoke kwa pembe kali yakielekea upande ule ule wa mshipa mkuu. Unene ubadilike njiani: sehemu moja sentimita 2, mbele uzi, halafu upotee na kuibuka tena. Angalau theluthi moja ya meza ibaki nyeupe karibu tupu. Marumaru ya Carrara kule Italia inapendeza kwa kijivu chake kilichofifia. Aina ya Calacatta ina mishipa mipana na miguso ya dhahabu. Chagua moja. Kuchanganya zote mbili na kuongezea unga wa kumetameta kila mahali ni kupamba keki.

Weupe ukishatandazwa kwa mwiko wenye meno na kuachwa ujilainishe, pitisha tochi mara moja kuua mapovu. Sasa changanya epoksi ya mishipa: rezini mililita 300, hadina 150. Kipimo kikiwa kidogo kosa la matone lina uzito, hivyo tumia mzani kwa uwiano wa uzito ulioandikwa kwenye kopo. Igawe: mililita 200 kijivu chepesi, 100 kijivu kizito, 150 bila rangi. Kijivu kizito usikifanye cheusi. Anza na nyeupe, ongeza nyeusi kwa ncha ya kijiti, kisha chembe ya kahawia. Kijivu kisicho na kahawia hufanana na plastiki.

Muda wa kusubiri ndio unaoamua sura. Ukichora mara baada ya kumwaga weupe, mistari itatanuka na kuzama, ikawa mawingu. Ukisubiri dakika 10 hadi 15, weupe umeanza kuwa mzito na mstari utabaki mkali. Unahitaji vyote viwili, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Kwanza mawingu. Mimina utepe wa epoksi isiyo na rangi kando ya njia ya mshipa, na ndani yake kijivu chepesi. Sukuma kwa kidole chenye glavu au brashi kavu, upande mmoja zaidi kuliko mwingine, kisha pitisha moto juu juu. Kijivu kitatawanyika kama moshi.

Kisha mishipa yenyewe. Chovya ncha ya unyoya kwenye kijivu kizito, ulaze kwenye ukingo mmoja wa wingu (usipite katikati yake) na uuvute ukiuzungusha vidoleni. Tetemesha mkono kidogo. Inua ghafla pale unapotaka ufa ukatike. Matawi yachore kwa unyoya uliobaki na rangi kidogo, bila kuchovya upya. Mwisho chukua weupe uliobaki ndooni, kama bado unatiririka, na ukate mshipa mahali pawili au patatu.

Spiriti ikinyunyizwa kama ukungu juu ya mshipa huifungua rangi na kutoa vitundu vidogo na kingo zilizochanika. Nyunyizia mara mbili au tatu tu kwa meza nzima. Weka tochi mbali kabisa unaponyunyizia na subiri mvuke uishe kabla ya kuiwasha. Meza iliyoloa spiriti inashika moto usioonekana vizuri mchana.

Usisahau ukingo. Jiwe halichorwi juu tu. Mshipa unaofika pembeni lazima ushuke ubavuni mahali pale pale na kwa mshazari ule ule. Epoksi inayochuruzika itabeba sehemu ya rangi. Panapobaki weupe mtupu, maliza kwa unyoya. Ubavu uliochorwa sawasawa hudanganya macho kuliko ustadi wowote wa juu.

Halafu acha. Meza nyingi zilikuwa nzuri dakika ya ishirini zikaharibiwa dakika ya thelathini.

Saa sita za kwanza

Kwa nusu saa ya kwanza pitisha tochi kila dakika kumi, umbali wa sentimita 15 hadi 20, mwendo wa haraka. Ukiituliza mahali pamoja, epoksi hukunjamana na kugeuka njano. Baada ya dakika 40, na tena baada ya saa moja na nusu, kwangua matone yanayoning'inia chini.

Jioni ikiingia zima taa ya chumba hicho. Baada ya mvua kumbikumbi hawahitaji mwaliko, na hata mbu mmoja akitua katikati ya weupe ataonekana kila siku. Funika kwa fremu ya mbao nyepesi iliyovalishwa nailoni, isiguse meza.

Epoksi iliyobaki ndooni ipeleke nje, juu ya mchanga, mbali na makuti na kuni. Ikigandia kwa wingi inaweza kuyeyusha ndoo.

Tabaka la juu

Kesho yake alasiri: osha, kausha, msasa 220 mpaka mng'ao wote ufifie, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, subiri dakika kumi na tano. Mikwaruzo isikutishe, tabaka lijalo litaifuta. Changanya lita 1.5 bila rangi, rezini lita 1 na hadina nusu lita, utandaze na kuua mapovu kama mwanzo. Kina hiki kisicho na rangi juu ya mishipa ndicho kinachoipa sura ya jiwe lililosuguliwa.

Iguse baada ya saa 24. Vitu vyepesi baada ya siku 3, matumizi kamili baada ya siku 7, na kitambaa cha meza au plastiki kisikae juu kabla ya hapo maana kitaacha chapa.

Ikiharibika

Sehemu inayonata baada ya siku 3 haikuchanganywa vizuri au ilipimwa vibaya. Kumwaga nyingine juu yake hakusaidii. Ikwangue hadi penye ugumu, futa kwa asetoni, piga msasa, ndipo umwage upya.

Vishimo vya mviringo ni mafuta au silikoni. Vikionekana mapema, visugue kwa kidole chenye glavu hadi epoksi ishike. Vikiwa vimeganda, msasa na tabaka jingine. Mapovu yanayotokea mahali pale pale kila mara yana shimo la mbao chini yake ambalo halikuzibwa. Weupe wa ukungu wa juu juu hutoka kwa maji ya uvuguvugu na msasa. Ulioingia ndani hautoki. Mishipa iliyozama na kupotea ina maana ulichora weupe ukiwa bado maji, na hiyo unaweza kuiokoa: piga msasa, chora upya mishipa michache kwa epoksi kidogo, kisha mwaga tabaka la juu.

Ngozi na mapafu

Epoksi inaweza kuleta mzio wa ngozi usioondoka tena maishani, na mara nyingi hauji siku ya kwanza. Vaa glavu kila wakati. Ikikugusa, futa kwa kitambaa kikavu na osha kwa sabuni na maji. Usitumie thina wala asetoni mwilini, kwani huisukuma ndani. Vumbi la msasa la epoksi isiyokomaa ni baya zaidi, barakoa isivuliwe. Mabaki yaliyoganda yasitiwe jikoni kama kuni.

Kuitumia

Tofauti na marumaru halisi, ambayo ni chokaa na huliwa na asidi, epoksi haiogopi ndimu wala ukwaju. Inaogopa joto: nyingi hulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Kikombe kidogo cha kahawa hakina neno, lakini birika lililotoka kwenye mkaa au sufuria ya pilau litaacha duara. Weka kitanga cha ukili chini yake. Bizari ya manjano futa mara moja, weupe huinywa. Kisu kina ubao wake.

Jua huigeuza njano, na kwenye nyeupe huonekana upesi, hata kwa epoksi zilizoandikwa kwamba zinavumilia. Meza hii si ya barazani. Ikiwa lazima ikae karibu na dirisha, paka juu vanishi ya poliuretheni yenye kinga ya jua baada ya siku 7 na msasa namba 400.

Mikwaruzo ikizidi baada ya miaka, huna haja ya kuanza upya: osha, msasa 220, spiriti, na tabaka moja la milimita 1.5 lisilo na rangi, tena alasiri, tena wakati wa kusi.